Masikio ya Povu

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa ya jengo, na hakikuwa na dirisha hata moja. Asubuhi mashuka yalishuka kwa mikokoteni, machafu. Jioni yalipanda yakiwa meupe, yamekunjwa. Mashine kubwa zilinguruma kutwa nzima. Waliofanya kazi humo walizungumza kwa mikono na nyusi, na wakitoka nje waliendelea kupayuka kana kwamba dunia yote ni kiziwi.

Humo alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Povu. Jina hilo alipewa na wenzake. Sabuni ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba akikasirika alitoa povu kweli kweli, na mwenye akili alisogea pembeni mpaka liishe.

Mwaka huo uongozi ulitangaza kwamba kazi ya kufua itapewa kampuni ya nje. Wafanyakazi wengi wangeachishwa. Wachache wangehamishiwa chumba kipya cha kutakasa vifaa vya upasuaji. Mashine za huko zilikuja na maelekezo ya Kiingereza, na mkufunzi wa kuzifundisha alijua Kiingereza tu. Kwa hiyo aliyetaka kubaki alitakiwa kufaulu mtihani wa lugha hiyo. Ulikuwa na sehemu mbili, kusikiliza na kusoma kwa ufahamu. Ungefanyika mara mbili tu.

Mara ya kwanza Povu alifanya, akaanguka.

Si kwamba hakujiandaa. Kwa miezi kadhaa alitembea na kamusi ndogo kwenye mfuko wa aproni, akikariri maneno kwa mpangilio wa herufi. Alikuwa amefika herufi D. Nyumbani aliwasha redio ya Kiingereza tangu anapobandika sufuria mpaka anapoosha vyombo. Sikio lilikuwa redioni, akili ilikuwa jikoni.

Siku ya mtihani, sauti ilipoanza kusema, alisikia neno ambalo alikuwa na hakika amewahi kulikariri. Akasimama hapo hapo kulitafuta kichwani. Alilipata. Lakini alipolipata, sauti ilikuwa imeshasema asante na kwaheri. Rekodi ilipochezwa tena, akakwama kwenye neno jingine. Karatasi yake ilibaki na mistari mitupu.

Nyumbani, mama mkwe wake aliyaangalia matokeo, ingawa hakujua kusoma Kiingereza, akatikisa kichwa.

"Sehemu gani umepata kidogo zaidi?" aliuliza.

"Ya kusikiliza, mama."

"Basi ni masikio. Nilisema mimi. Ile mingurumo ya kule chini itakuua masikio. Juzi nimekuita mara tatu ndipo ukaitika."

"Mama, nilikuwa nimekasirika. Nilikusikia tangu mara ya kwanza."

Mumewe, ambaye alikuwa mwashi, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini usiku ule Povu hakulala vizuri. Mama mkwe alikuwa amemtia wasiwasi. Ni kweli kwamba watu wa kule chini walikuwa wakipayuka. Ni kweli kwamba sauti ya kwenye mtihani aliisikia kama inatoka ndani ya gunia.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alipanda hadi kliniki ya masikio ya hospitali ile ile. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alimvisha spika masikioni akampa kitufe mkononi.

"Ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, bonyeza."

Povu alibonyeza, akabonyeza tena. Alisikia milio minene na myembamba, mpaka ule mdogo kabisa uliokuwa kama mbu aliye chumba cha pili. Daktari akatazama mchoro wake, akatabasamu.

"Masikio yako ni mazima. Mimi mwenyewe nakuonea wivu."

Povu akainamisha uso. Machozi yakamtoka bila kutarajia.

"Mbona unalia? Hizi ni habari njema."

"Daktari, ningekuwa naumwa ungenipa dawa," Povu alisema. "Sasa kama masikio ni mazima, kibovu ni kichwa. Kichwa nakipeleka wapi?"

Daktari alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Hakuna kibovu. Kusikia sauti ni jambo moja, kuelewa lugha ya watu ni jambo jingine. Hilo la pili mtu hujifunza kwa mazoezi, na mazoezi yana namna yake. Tafuta mtu anayelijua. Na ukiwa kule chini, vaa vizibo vya masikio. Usiniletee kesi ya kweli."

Povu alikuwa akipita kila siku mbele ya mlango wa mtu wa namna hiyo bila kumfikiria. Katika nyumba ya kwanza ya jengo walilokaa, pale chini ngazini, aliishi mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye ulimi mwepesi. Wiki chache nyuma aliteleza ngazini akavunjika mguu. Sasa alikaa kutwa karibu na mlango wazi, mguu umefungwa plasta na kuwekwa juu ya kigoda, magongo pembeni, akisalimiana na kila apandaye na kila ashukaye.

"Umetoka wapi na uso huo?" alimwuliza Povu jioni ile.

Povu akamweleza yote, hata habari ya masikio. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza.

"Keti," alisema. "Nikuambie kisa kimoja kwa Kiswahili. Jana nilimwona mwanamke anapanda ngazi, amebeba kindomondo kichwani. Kilikuwa kimejaa mpaka juu, maji yakawa yanamvuja mgongoni. Alipofika hapa akakitua, akachovya kikombe, akaninywesha. Haya. Kindomondo ni nini?"

"Si ndoo? Au mtungi. Chombo cha maji."

"Umewahi kulisikia neno hilo?"

"Hapana."

"Hutalisikia tena. Nimelitunga sasa hivi. Umejuaje?"

Povu akafikiri. "Kwa sababu ulisema kimejaa, maji yanavuja, akachovya kikombe. Kingekuwa nini kingine?"

"Ulisimama kulitafuta kwenye kamusi?"

"Kwa nini nisimame na wewe bado unasema?"

Mwalimu alipiga kofi kwenye paja la mguu mzima. "Hivyo hivyo ndivyo unavyotakiwa kufanya kwa Kiingereza. Neno likikuponyoka, liache liende. Shika yanayofuata, ndiyo yatakayokuambia lile lilikuwa nini. Njoo kesho. Mimi nina mguu mmoja na siku nzima ya kukaa."

Wakaanza. Mwalimu alikuwa na rekodi nyingi kwenye simu yake. Yalikuwa mazungumzo mafupi ya watu dukani, stesheni, hospitalini. Kabla ya kubonyeza chochote alimpa Povu karatasi ya maswali.

"Soma maswali kwanza. Usiguse rekodi kabla hujayasoma."

"Kwani si kudanganya huko?"

"Mtihani wenyewe hukupa nafasi ya kuyasoma. Mara ile nafasi hiyo uliitumia kufanya nini?"

"Kuomba Mungu."

"Omba nyumbani. Pale soma. Swali likiuliza siku, sikio lako lingoje siku. Likiuliza mahali, lingoje mahali. Huwezi kudaka kila kitu, daka ulichotumwa."

Rekodi ya kwanza ilikuwa ya mgonjwa anayepiga simu kuomba miadi ya kumwona daktari. Povu aliisikiliza kwa makini, akaandika haraka kwamba miadi ni Jumanne. Akaweka kalamu chini kwa fahari.

"Umekosa," mwalimu alisema. "Ni Alhamisi."

"Nimesikia Jumanne kwa masikio yangu haya yaliyopimwa!"

"Umesikia vizuri. Halafu ukaacha kusikiliza. Ngoja." Akairudisha. Kweli, mhudumu alisema Jumanne. Kisha mgonjwa akasema kwa huzuni kwamba siku hiyo hatakuwapo, wakakubaliana Alhamisi.

"Wamenitega!"

"Hawajakutega. Watu ndivyo wasemavyo. Wewe mwenyewe ukituma mtu sokoni husema lete vitatu, hapana, lete vinne. Ukisikia mtu anasema lakini, au samahani, au kwa bahati mbaya, kaa macho. Jibu linaweza kugeuka."

Walisikiliza kila rekodi mara mbili, kama ilivyo kwenye mtihani. Ya kwanza ilikuwa ya kupata habari nzima, nani anasema na nani, wako wapi, wanataka nini. Ya pili ilikuwa ya kuhakikisha majibu. Mwisho, mwalimu alimpa maandishi ya mazungumzo yenyewe ili asome huku akisikiliza. Hapo Povu alishangaa. Maneno mengi aliyoyadhani mageni alikuwa anayajua siku zote. Ila watu walikuwa wakiyasema haraka, yameshikana mikia.

"Hilo ndilo gunia lako," mwalimu alisema. "Dawa yake ni kusikiliza kidogo kila siku, kwa akili yote. Zima ile redio yako ya jikoni. Inakuchosha bure."

Nyumbani mambo yalibadilika. Kila jioni Povu alihitaji nusu saa bila sufuria. Mumewe alijitolea kupika. Chakula cha kwanza kiliungua, cha pili kilikosa chumvi, na cha tatu kililiwa kimya kimya bila lalamiko, jambo ambalo mwashi alilihesabu kuwa sifa.

Mama mkwe naye alipata kazi. Mwalimu alikuwa ameagiza kwamba kila baada ya rekodi, Povu amsimulie mtu kwa Kiswahili alichokisikia. Ukiweza kukisimulia, alisema, umekielewa. Ukishindwa, ulikuwa unasikia kelele tu. Mama mkwe, ambaye hakujua neno moja la Kiingereza, ndiye aliyesimuliwa. Mwanzoni aliona ni mchezo wa watoto. Baada ya siku chache akawa anadai haki yake.

"Yule aliyepoteza begi stesheni, alilipata?"

"Rekodi haikusema, mama."

"Haikusema, au hukusikia? Rudi ukasikilize."

Povu alirudi. Kumbe ilikuwa imesema. Begi lilikuwa ofisi ya vitu vilivyopotea.

Shida ilikuja walipoingia kwenye kusoma. Povu hakuitarajia, kwa sababu kusoma hakukimbii. Mwalimu alimpa habari fupi. Kwa bahati ilihusu kufua nguo za pamba. Povu akachangamka. Hakuona haja ya kuisoma yote. Alikwenda moja kwa moja kwenye maswali akayajibu upesi upesi.

Mwalimu aliipitia karatasi kwa kalamu nyekundu. Swali la kwanza, kosa. La pili, kosa. La tatu, kosa.

"Hapa wameuliza maji yawe na joto gani. Umeandika ya moto sana. Nionyeshe mstari."

"Mstari gani?"

"Mstari wa habari hii uliosema hivyo."

Povu akatafuta. Haukuwapo. Habari ilisema maji ya vuguvugu.

"Huyu mwandishi hajawahi kufua hata leso!" Povu alisema. "Mashuka ya wagonjwa utayafua kwa vuguvugu? Mimi nimefua miaka kumi na mbili!"

"Sijakuuliza umefua miaka mingapi. Mtahini naye hatakuuliza. Anauliza habari imesema nini."

"Imesema uongo."

"Andika uongo huo huo. Habari hii si ya mashuka ya wagonjwa. Ungeisoma tangu juu ungejua inahusu nguo za watoto wachanga."

Povu alisimama. Povu lilikuwa limeshafika kooni, akalitoa lote. Alisema hakuja pale kufundishwa kufua na mtu aliyevunjwa mguu na ngazi zake mwenyewe. Alisema Kiingereza kina wenyewe. Akatoka, na siku zilizofuata alipita mlango ule akitazama ukutani. Mwalimu alimsalimia kila mara. Povu aliitika kwa pua.

Ndipo ikaja siku ya ndoo ya bluu.

Ililetwa asubuhi kule chumba cha kufulia. Ilikuwa dawa mpya ya kuondoa madoa ya kutu. Msimamizi alikuwa kwenye kikao ghorofa ya juu. Mwenzake Povu, mwanamume mrefu waliyemwita Twiga, alifungua kifuniko, akavuta beseni kubwa ambamo walikuwa wamekwisha kumimina dawa ya kung'arisha mashuka. Siku zote walichanganya dawa zote pamoja kwenye beseni hilo. Povu mwenyewe ndiye aliyemfundisha Twiga kufanya hivyo.

Povu alitazama karatasi iliyobandikwa kwenye ndoo. Ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo. Alijua kazi yake kwa miaka kumi na mbili, na kazi aliyoijua ilisema mimina. Lakini alijikuta anainama. Akasoma kutoka juu hadi chini bila kusimama. Neno moja hakulielewa, la pili pia. Akayaacha, akaendelea. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba jambo hilo likitokea, watu watoke nje upesi wapate hewa safi. Jambo gani? Akarudi juu kutafuta. Kulikuwa na neno kubwa lililokataza kabisa, na neno la kuchanganya, na baada yake jina la dawa. Jina lile lile liliandikwa kwenye dumu la dawa ya kung'arisha.

"Twiga, acha!"

Mashine zilinguruma, na masikio ya Twiga yalikuwa yamezibwa. Hakusikia. Ndoo ilikuwa imeshainama. Povu alirukia mkono wake, akaivuta ndoo. Matone machache yakamwagika sakafuni.

Twiga alitoa vizibo masikioni. "Una nini wewe? Tumechanganya miaka yote!"

"Miaka yote dawa ilikuwa nyingine. Hii wamekataza."

"Wamesema wapi?"

Povu aliweka kidole kwenye karatasi. "Mstari huu."

Msimamizi aliposhuka, alisoma karatasi mara mbili kisha akaketi juu ya rundo la mashuka. Zile dawa mbili zikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Na chumba hakikuwa na dirisha. Siku hiyo aliagiza kila dawa iwekwe mbali na nyingine, na isifunguliwe ndoo yoyote mpya kabla ya maelekezo yake kusomwa.

Jioni, Povu alisimama kwenye mlango wa mwalimu.

"Hodi."

"Karibu. Leo umeuona mlango?"

"Mwalimu, nisamehe maneno yangu. Nipe ile habari ya nguo za watoto. Nataka kuisoma tangu juu."

Mwalimu hakuuliza kilichotokea mpaka Povu alipomaliza maswali yote. Kila jibu alilipigia mstari kwenye habari yenyewe. Kisha Povu akamsimulia kisa cha ndoo.

"Mimi nilikuwa nakufundisha mtihani tu," alisema mwalimu.

Tangu hapo walisoma kwa utaratibu. Kwanza Povu aliisoma habari nzima haraka, apate kujua inahusu nini. Kisha alisoma maswali. Kisha alirudi kwenye habari kutafuta kila jibu. Neno geni alilikisia kwa majirani zake. Kamusi ilifunguliwa mwisho, kwa yale maneno machache yaliyokataa kukisiwa. Swali gumu aliliruka, akalirudia baadaye. Hakuacha swali bila jibu.

Siku ya mtihani wa pili ilifika. Ukumbi ulijaa. Spika zilikuwa mbele, na Povu alikaa karibu nazo, kama mwalimu alivyomshauri. Alisoma maswali. Sauti ikaanza.

Katikati ya mazungumzo ya pili, mtu aliyechelewa alifungua mlango, ukajifunga kwa kishindo. Jibu la swali moja likapita na kishindo hicho. Mkono ulitaka kusimama pale pale kwenye mstari mtupu. Akaulazimisha kushuka kwenye swali lililofuata. Akalipata hilo, na lililofuata, na lingine. Rekodi iliporudiwa, alingoja mahali pale tu, akalidaka lililompita. Mwanamke aliyekaa jirani yake alikuwa bado anautazama mlango kwa hasira.

Matokeo yalibandikwa ukutani karibu na lango. Povu alifaulu. Kusikiliza alipata alama za kutosha tu, si za kujivunia. Kusoma alipata za juu. Twiga hakufaulu. Alimpa Povu mkono, akasema kwa sauti ya kawaida, si ya kupayuka, kwamba atatafuta kazi kwa wauza dawa za kufulia, maana sasa anajua kuziogopa.

Mwezi uliofuata Povu aliingia chumba kipya. Kilikuwa na madirisha mapana na sakafu iliyong'aa. Mkufunzi, kijana mgeni mwenye haraka, alieleza mashine kwa Kiingereza kuanzia asubuhi. Watu wote waliofaulu walisimama wameizunguka, wakiitikia kwa vichwa kwamba wanaelewa.

Alipofika kwenye kupoza vifaa, mkufunzi alisema viachwe kwa muda fulani kabla ya kuguswa. Povu alisikia. Lakini hakuwa na hakika kama ni dakika kumi na tano au hamsini, kwa maana kwa Kiingereza namba hizo hufanana kama pacha. Akatazama kulia, jirani yake ameandika kumi na tano. Akatazama kushoto, huyu ameandika hamsini. Wote wawili walikuwa bado wanaitikia kwa vichwa.

Povu aliinua mkono. Kwenye mtihani hakukuwa na wa kumwuliza. Hapa yupo, amesimama mbele yake.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza chake, polepole. "Umesema kumi na tano, au hamsini?"

Mkufunzi alimtazama, kisha akawatazama wengine, mmoja mmoja. Akachukua chaki akaandika ubaoni, kubwa: 50.

Kalamu nyingi zikainama kwa pamoja kusahihisha.